Niliandika India, Moyoni Nikiamini New Zealand

Walisema sitaweza. Walisema kumkalisha Mluguru kwenye benchi siku tano mfululizo, akiangalia watu waliovaa nyeupe wakisimamisha mchezo ili wakanywe chai, ni kazi isiyo na wa kuiweza. Mmoja alisema kwenye harusi, mbele ya wakwe zangu, kwamba nimerudi kutoka Durban na masanduku mawili na akili nusu. Nawaambia hayo mapema, ndugu zangu, kwa sababu niliwashinda wote. Niliweza. Kuanguka kulikuja baadaye, na kulitoka upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama, hata mimi mwenyewe.

Wengi humu ukumbini tumerudi kutoka nje, kwa hiyo tunajuana. Lakini kwa wageni, mimi ni mzaliwa wa huko mlimani, mtoto wa mkulima wa kabichi. Nilikaa Durban, Afrika Kusini, miaka tisa, nikaanza kwa kufagia majani kwenye uwanja wa kriketi, nikamaliza nikiwa mtu anayeulizwa uwanja umwagiliwe lini na uachwe ukauke lini. Nilisoma jioni kwa fedha yangu mwenyewe, nikapata stashahada ya utunzaji wa viwanja vya michezo. Kama kuna mwingine humu anayo, asimame. Naona hakuna. Naendelea.

Niliporudi nilifungua kibanda umiza hapa mjini, mtaa wa Kilakala. Vibanda vyote vya kuonyesha mechi mjini vinapigania mpira wa miguu, mimi nikaamua kuonyesha kriketi ya mechi za Test, zile za siku tano. King'amuzi kilikuwa changu. Vingine vyote niliazima. Mabenchi sita ya kigango chetu, niliyopewa na katekista. Turubai la jirani yangu, fundi cherehani. Na televisheni kubwa ya mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyoinunua kwa mauzo ya karafuu. Nyinyi mnajua kwetu mjomba ni nani. Shamba unalima kwa ruhusa yake, mke unaoa akijua. Mjomba akikuazima kitu, ukoo mzima unakaa kukutazama.

Kilichowaleta watu hakikuwa mchezo wenyewe. Kilikuwa ubao. Timu zinazocheza Test duniani ni kumi na mbili tu, na kila Ijumaa watu wakitoka msikitini nilizipanga upya kwa chaki, ya kwanza hadi ya kumi na mbili, na chini yake nikaandika nani atashinda mfululizo unaofuata, zile mechi kadhaa ambazo timu mbili hucheza moja baada ya nyingine. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Fundi baiskeli alikuwa wa Australia na hakubali washuke chini ya nafasi ya pili hata wafungwe na nani. Mwenye duka la vipuri alikuwa India. Mama mmoja muuza karoti kutoka Mgeta alikuwa New Zealand, kwa sababu, alisema, wakitolewa hawagombani na mwamuzi, wanaondoka kama watu waliolelewa. Watu walikuwa wanakuja Ijumaa kubishana hata wiki ambayo hakuna mechi. Mwalimu mmoja kutoka Mzumbe alikuwa anapanda basi kuja kunipinga, na hajawahi kunishinda.

Sasa nije kwa aliyeniumiza. Jina lake sitalitaja, nitamwita mtani, kwa sababu ndivyo nilivyomwita. Anatoka kabila ambalo sisi Waluguru tunataniana nalo tangu enzi za mababu. Alipokuja kibandani mara ya kwanza hakujua hata kwa nini mpira wa kriketi una mshono. Nilimfundisha kila kitu. Nilimfundisha kusoma uwanja, nyasi zikiwa kijani maana yake nini, udongo ukipasuka maana yake nini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, nikampa kazi ya ubao. Tulibeba mabenchi pamoja, yeye mbele mimi nyuma. Alikula kwa mama yangu.

Ikakaribia India kuwapokea New Zealand kwa mechi tatu. India walikuwa hawajafungwa mfululizo nyumbani kwao kwa miaka mingi, na mji mzima, wale tunaofuatilia, ulikuwa India. Jumatatu ile, tukifagia kibanda wawili tu, nilimwambia mtani ninachoamini. Nilimwambia India wakiandaa viwanja vikavu vinavyozungusha mpira kuanzia siku ya kwanza, watajifunga wenyewe. Uwanja wa namna hiyo humfanya hata mrushaji wa kawaida wa wageni awe hatari. Nikamwambia New Zealand watashinda mfululizo. Mtani akaacha kufagia, akaniuliza kama nitaandika hivyo. Nikamwambia hapana, andika India, mechi zote tatu.

Kwa nini? Mjomba wangu ni India wa kufa na kupona, na televisheni ilikuwa yake. Mwenye vipuri naye alikuwa anakuja na watu wake wote. Niliogopa. Nikaandikisha nisichokiamini, na jioni ile watu wakaja wakakisoma.

Siku iliyofuata nikapata taarifa ya msiba Gairo, shangazi wa mke wangu. Nikamwachia mtani ufunguo, nikaenda. Nilirudi siku mechi ya kwanza inaanza. Nilikuta nguzo nne na vumbi. Hakuna turubai, hakuna benchi, hakuna televisheni. Hata ubao haukuwepo. Nilidhani tumeibiwa, na mtu wa kwanza niliyemwonea huruma alikuwa mtani, nikiwaza kama wamemuumiza.

Fundi cherehani ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza kwa mshangao kama sijaondoka. Kumbe mtani alipita kwa kila aliyeniazima, akawaambia narudi Durban kimya kimya na nimemtuma ahamishe vitu visipotee. Wamkatalie vipi, na ndiye aliyevibeba na mimi siku ya kwanza? Mjomba mwenyewe alimsaidia kuifunga televisheni kwa blanketi.

Nikaenda Msamvu, mtaa mwingine wa mji huu, nilikoelekezwa. Nikakuta kibanda kipya, mabenchi ya kigango yamejaa watu, na mwenye vipuri amekaa mbele. Huko India mvua ilikuwa inanyesha, mchezo haujaanza, kwa hiyo watu walikuwa wanasoma ubao. Ubao wangu. Pameandikwa New Zealand, na chini yake sababu zangu zote, uwanja mkavu, mpira kuzunguka, neno kwa neno kama nilivyozisema nimeshika ufagio.

"Karibu mtani," akasema yeye mwenyewe, chaki mkononi. "Kaa. Benchi ni la kwenu."

Watu wakacheka. Nikamwambia sicheki, nataka vitu vya watu. Akawageukia wale waliokaa.

"Mnamwona? Mluguru amekwenda ulaya ya weusi akasahau utani. Tangu lini mtani akakasirikiwa?"

Wakacheka zaidi. Na hapo ndugu zangu ndipo aliponifunga, maana alikuwa ameshika desturi yenyewe. Mtani akichukua kitu chako hulii polisi. Nilikwenda kwa wazee, na wazee nao wakacheka, wakaniambia nikavikomboe vitu kwa kuku kama inavyotakiwa. Nikanunua jogoo, jogoo mkubwa, mimi si mtu wa kukomboa kwa kifaranga. Mtani akampokea mbele ya mashahidi, akashukuru, akamla. Vitu akabaki navyo.

Siku ya pili ya mechi mvua iliisha, India wakatolewa wote kwa mikimbio, yaani alama, isiyofika hata hamsini. Wakafungwa mechi ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Mtani akawa anaitwa Profesa. Mimi, mwenye stashahada, nikawa yule aliyeandika India zote tatu. Watoto wa shule walinionyesha vidole vitatu nikipita. Nilikuwa nasikia Profesa kasema hiki, Profesa kasema kile, na kila alichosema kilitoka kinywani mwangu. Kitu hicho kinakula mtu kwa ndani, nawaambia. Benchi linaweza kutengenezwa lingine.

Mfululizo ulipoisha mtani aliondoka mjini, na sijamwona tena. Televisheni ilikutwa kioo kimepasuka. Mabenchi aliyauza kwa mkaanga chipsi, ambaye alikuwa ameshayakata kuwa meza. Turubai halikuonekana. Wazee wakaacha kucheka, wakakubali kwamba mtani aliyepewa kuku asirudishe vitu si mtani tena. Lakini katekista hakumwazima mtani, aliniazima mimi. Fundi vilevile. Mjomba alituma ujumbe kwa mama yangu kwamba nisikanyage kwake mikono mitupu. Nilikaa ndani siku nyingi. Mke wangu aliniletea chakula na kukiondoa. Nilichokuwa nafanya ni kurudia rohoni hotuba ya kumwambia mtani siku nikimkamata.

Siku moja nilitumwa sokoni. Yule mama wa karoti akaniona nikizunguka upande wa pili kumkwepa, akaniita. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akanipa ndoo niikalie, akaniacha niseme. Nikasema yote, ufagio, ubao, jogoo. Alikuwa anakwangua udongo kwenye karoti, hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Mwanangu, ile India uliyotuandikia, uliiamini?"

Nikaokota karoti moja, nikaanza kuikwangua na mimi.

"Basi yeye kakuibia wewe mabenchi. Sisi tuliokuwa tunapanda na kushuka kila Ijumaa kukusikiliza, nani katuibia?"

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa majibu. Siku hiyo nilinunua karoti nisizozihitaji nikaondoka. Nilikasirika njia nzima, kisha nyumbani hasira ikaisha, ikabaki aibu. Mtani alikuwa mwizi, na bado ni mwizi, sijabadili neno. Lakini ule ubao wa Msamvu ndio uliokuwa na ukweli wangu. Ulipokuwa Kilakala ulikuwa na uongo wangu.

Ijumaa iliyofuata nilirudi kwa mama yule na kipande cha mbao, nikaomba kukisimamisha kando ya meza yake. Hakuna televisheni, hakuna benchi. Nikapanga timu kumi na mbili, na safari hii nikaongeza safu ya pili. Mbele ya kila ninachotabiri niliandika moja kati ya maneno matatu, najua, nadhani, sijui. India walikuwa wanakwenda Australia. Niliandika Australia, nadhani. Fundi baiskeli alifurahi, kisha akagombana na mimi kwa nini si najua. Wiki ya tatu watu walikuwa wanaziba njia ya wauza nyanya. Waligombania zaidi pale nilipoandika sijui, kila mtu alitaka kuwa ndiye anayejua. Yule mwalimu wa Mzumbe naye akarudi, bado hanishindi.

Mmoja wa wabishi hao ni mkuu wa shule moja hapa mjini. Alinisikia nikieleza udongo, akanipa uwanja wake uliokuwa mashimo matupu. Stashahada ikafanya kazi yake, nendeni mkautazame. Nilifanya kazi karibu mwaka mzima, mshahara nikiuweka kwa ajili ya madeni. Miti iliyoangushwa kupisha uwanja niliomba mbao zake, na seremala jirani akanipa randa na nafasi, nikatengeneza mabenchi sita kwa mikono hii. Namshukuru seremala, namshukuru mkuu wa shule. Namshukuru fundi cherehani, ambaye hakunipigia kelele hata siku moja. Namshukuru mke wangu kwa zile sahani. Na yule mama, yupo pale nyuma, hataki nimwonyeshe, kwa hiyo simwonyeshi. Mlio na watu wanaowasikiliza, waambieni mnachoamini, hasa siku mnayoogopa kukisema. Ukikificha, kuna mtu atakichukua akakiuze kuwa chake.

Siku ya kulipa nililipa wote. Asubuhi mabenchi sita kigangoni, katekista akakalia kila moja kabla ya kusaini kwamba amepokea. Mchana turubai jipya kwa fundi. Jioni, kabla jua halijazama, nikampandishia mjomba televisheni mpya, nimeibeba mgongoni, maana pikipiki inaishia mtoni. Alikuwa amekaa barazani. Nikamwamkia, nikaiweka miguuni pake. Aliikagua pande zote, hakusema asante. Akaniuliza jambo moja tu. Afrika Kusini wanakuja India mwezi ujao, nani atashinda?

"Afrika Kusini, mjomba. India wakiandaa uwanja mkavu tena, watafungwa tena."

Akanitazama sana. Akabeba televisheni yake, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikateremka mlima sidaiwi na mtu.