Kijitabu Kilichogawanywa kama Gazeti

Benchi lililo mbele ya kibanda cha Fundi Viatu lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia kila mchana wana kawaida yao. Gazeti ni moja, kwa hiyo linakunjuliwa, kila mtu anapewa karatasi yake, anaisoma, kisha anawasimulia wenzake. Birika la pili likiisha, dunia nzima imeshasomwa na kubishaniwa. Basi jana, Fundi alipopewa na mwalimu wa darasa la watu wazima kijitabu chembamba chenye hadithi mbili fupi, hakuumiza kichwa. Alichukua koleo, akang'oa pini, akagawa. Swali lilikuwa hili: linganisha jinsi waandishi hawa wawili wanavyowakuza wahusika wao vijana. Jibu liwe mezani leo saa nane. Asiyeleta, jina lake haliingii kwenye orodha ya mtihani. Fundi ana miaka hamsini na miwili, na mtihani huo ameutamani tangu alipotolewa shule akiwa na kumi na minne. Sasa ilikuwa saa saba na robo, na daftari lake lilikuwa jeupe pe.

— Haya, leteni, akasema. Nani ana mwandishi wa kwanza?

— Mimi hapa! akadakia Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, taulo bado begani. Ni mama mmoja, jina lake liko juu kabisa. Yule mama hana mchezo. Binti yake anaanza na mtoto mgongoni, kaachishwa shule alee mdogo wake, anaogopa hata kivuli chake. Nageuza ukurasa, ana masharubu na anaendesha trekta!

— Masharubu?

— Ndiyo yanaanza anza. Imeandikwa.

Fundi akaandika "masharubu". Akalitazama neno lile, akaliwekea alama ya kuuliza.

— Amemkuza haraka, Wembe akafafanua. Ndiyo ufundi wenyewe. Wengine wanazunguka kurasa hamsini, huyu kafyeka njia.

Gia Tatu, dereva wa lori aliyestaafu lakini hajaacha kupiga kelele kama yuko barabarani, akatikisa kichwa.

— Yangu haina jina la mtu, kwa hiyo ni ya mwandishi wa pili, hilo halina ubishi. Kijana wake anajificha chini ya dirisha la darasa, anasikiliza hesabu. Mtoto mzuri kabisa. Mara, paap! Kaiba baiskeli ya mjomba wake, anachapwa.

— Hesabu zimemharibu, akasema Mama Birika, muuza kahawa, akimimina.

— Si hesabu, mama. Ni dirisha. Angekuwa ndani angeiona wapi baiskeli?

Fundi akaandika "dirisha".

— Nyote mmepotea, Mama Birika akasema, akalitua birika. Wangu mimi anasimama mbele ya mwalimu mkuu, anamwambia, nataka nafasi yangu. Sauti haitetemeki. Nikasema, huyu atakuwa waziri. Kisha jina la mwanamume limejichomeka katikati, sijui alikuwa anatafuta nini, na mtoto yuleyule ana miaka minne, anakimbizwa na kuku!

— Anarudi nyuma?

— Anarudi. Huyo mwandishi hakuzi, anapunguza.

— Labda ni mshtuko, Gia Tatu akasema. Kuna mwenzangu alipinduka na lori, alipozinduka akamwita mkewe shangazi.

— Au kuku ndiye mwalimu mkuu, Wembe akanong'ona, macho yamemtoka. Kwa maana ya ndani, lakini.

Fundi alichora mshale kutoka kwa kuku hadi kwenye trekta, akaukata. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu. Mwalimu angeuliza, mzee, hiki ni nini? Na darasa zima lingecheka.

Hapo akatokea mshonaji wa mtaa wa pili, mwenzake wa darasani, insha yake imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni.

— Kaka, umemaliza? Twende, saa hazisubiri.

— Dada, hawa waandishi wamenichanganya. Mtoto anaota masharubu, anarudi nyuma, anaiba.

Mshonaji akaiokota karatasi ya Wembe, akaikunja katikati, akaikunjua tena. Akaitazama namba iliyo chini, kisha ya upande wa pili.

— Ukurasa wa pili unafuatwa na wa kumi na moja?

— Mimi nilisoma ulivyonijia, Wembe akasema.

— Umesoma mwanzo wa binti na mwisho wa mvulana. Kila karatasi hapa ina kipande cha hadithi hii na kipande cha ile. Nyote mmewaoza msichana na mvulana wasiojuana.

Akazipanga, moja ndani ya nyingine. Kicheko kilichozuka kililitikisa benchi hadi kwenye tofali. Wembe hakukubali kushindwa.

— Basi ni wazi! Mama anamkuza binti kwa ujasiri, bwana anamkuza mvulana kwa viboko. Andika, Fundi!

— Andika na baiskeli! akasema Gia Tatu.

Kalamu ya Fundi ikainuka. Mshonaji akamgeukia.

— Na wewe, kaka? Ulisoma karatasi ipi?

Gia Tatu alitazama kikombe chake. Fundi alifungua droo ya misumari, akatoa alichojibakizia: jalada.

— Nilisema nitasikia kwenu, akasema polepole. Kama magazeti.

Aliona aibu iliyomfika masikioni. Akakipokea kijitabu, akavaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Wembe akafungua kinywa.

— Nyamaza, Fundi akasema. Yuko mlangoni na mtoto mgongoni, wenzake wanaingia darasani.

Kahawa ikapoa vikombeni. Alifika ukurasa wa nne, macho yake yamejaa maji, wala hakuyafuta.

— Kaka, saa nane kasoro kumi, mshonaji akasema kwa upole. Watafunga orodha.

Fundi aligeuza ukurasa.

— Tangulia, dada. Mwambie mwalimu nimechelewa, nasoma.