Neno la Mama Agathe Kabla ya Mkasi

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Mama Agathe anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kukata vitambaa katika duka letu la Albert Park. Meneja wetu, Peguy, ameniagiza niandike kwa furaha. Nitajaribu, ingawa wako watakaosoma hapa ambao hawaistahili.

Kazi alijifunza Lubumbashi, kwa bibi mmoja Myahudi ambaye wazazi wake walitoka kisiwa cha Rodo. Bibi yule hakukata kitambaa bila kusema kwanza "mazal bueno", yaani bahati njema kwa Kiladino, lugha ya Wayahudi waliofukuzwa Uhispania zamani. Bueno ni Kihispania. Mazal ni Kiebrania, na asili yake ni nyota na mahali pake angani. Mama Agathe alirithi mkasi na neno lake, akaja navyo Durban.

Nusu ya maharusi wa mitaa ya Point na Cato Manor wamevaa alichokata yeye. Kila aliyeuliza kuhusu neno alielezwa, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Fabien wa kaunta, msomi wa simu yake, alishikilia kuwa ni Kizulu. Peguy akasema Kireno. Mchungaji Ladislas, anayehubiri kila Jumapili kitabu kilichotafsiriwa kutoka Kiebrania, akagundua jini.

"Eish, Mama, ile neno iko ya pepo. Uache," alisema, akamtoa kwenye kwaya mpaka aliache. Hakuliacha. Iliniuma kuona sauti bora ya kanisa letu ikikalishwa benchi la nyuma miaka sita, huku madebe matupu yakishika maikrofoni.

Mwezi uliopita mchungaji alileta kitambaa cha gauni la harusi ya binti yake. Mama Agathe akapima, akainua mkasi kimya. Mchungaji akakohoa. Akakohoa tena.

"Mama, ile kitu yako, hausemi leo?"

Akamjibu aseme mwenyewe, kwa kuwa harusi ni ya kwake. Mchungaji akalisema, jasho likimtoka, duka zima likisikiliza. Fabien alijifanya anapanga vifungo.

Jumapili mchungaji akatangaza kwamba Mama Agathe amesamehewa. Amesamehewa! Mama hakuinuka. Aliimba palepale nyuma, na kwaya nzima ikabidi imfuate yeye.

Mama Agathe, asante kwa kazi yako. Tunakuombea siha, wajukuu wenye adabu na usingizi mtamu wa asubuhi. Ila Jumapili usikose, maana wale wa mbele bado hawajui waanzie wapi.