Mwalimu Yusta, Aliyeuulizia Mlima Kila Asubuhi

Marehemu Mwalimu Yusta Malimi Ngeleja alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 katika kata ya Sola, wilayani Maswa, akiwa mtoto wa nne wa mzee Malimi Ngeleja, mkulima wa pamba, na mama Nyanjige. Alisoma shule ya msingi Sola, sekondari Mwanza, kisha akahitimu ualimu mwaka 1982.

Mapema 1983 alipangiwa shule iliyo chini ya mlima wa volkano, Oldoinyo Lengai, wilayani Ngorongoro. Siku aliyofika aliuona moshi kileleni, akauliza ni nani anayechoma mkaa kule juu. Jirani yake, mama Nalepo, mfugaji wa Kimaasai, alicheka mpaka akakaa chini. Ndiye aliyemfundisha kwamba uji wa moto wa mlima ule hutoka mweusi na ukipoa hugeuka mweupe, hata wageni hudhani ni theluji. Tangu hapo, kabla ya kengele ya shule, wawili hao waliutazama mlima pamoja na kuambizana umeamkaje.

Huko alikutana na Joakim Ansbert, bwana mifugo. Walifunga ndoa tarehe 20 Septemba 1986, wakajaliwa watoto wawili, Harieth na Bryson.

Mwaka 2007 ardhi ilitetemeka kwa wiki kadhaa, na Septemba mlima ukalipuka. Majivu yalifunika malisho. Joakim alikuja na gari la idara.

“Panda, Yusta.”

“Watoto wa shule kwanza. Mimi nitatembea.”

Gari lilijaa watoto. Joakim alimwachia mwenzake usukani, akashuka, wakatembea pamoja nyuma ya familia ya Nalepo na ng'ombe waliosalia, khanga zimefungwa puani. Shule ilipofunguliwa tena Mwalimu alirudi, akafundisha mpaka alipostaafu mwaka 2019.

Wakahamia hapa Bariadi, karibu na ndugu zake. Alipapenda, ila alisema macho yake yalizoea kukuta kitu upande wa mashariki. Basi kila asubuhi alipiga simu. Nalepo alikuwa amejifunza salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

“Mwangaluka, Mwalimu.”

“Mwangaluka. Mmeamkaje huko? Na mlima je?”

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2021. Watu walipoyalaumu majivu, alijibu, “Mlima haukunishika mkono. Nilibaki kwa kupenda.” Januari 2025 alilazwa hospitali hapa Bariadi. Asubuhi ya tarehe 6 Februari, Harieth alimshikia simu sikioni.

“Leo umetulia, Mwalimu,” Nalepo alimwambia. “Moshi mwembamba tu, na upepo unauleta huko kwenu.”

“Nitazamie,” alisema. Alifariki mchana wa siku hiyo.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na mama Nalepo, ambaye amebadilisha mabasi njia nzima ili awe nasi leo.

Mwenyezi Mungu ampokee Mwalimu wetu, ampe pumziko lenye amani. Amina.