Clavery Ishengoma, Aliyekabidhi Ufunguo wa Seva Saba (1974–2025)

Marehemu Clavery Kagaruki Ishengoma alizaliwa tarehe 4 Mei 1974 hapa Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Bartholomayo Ishengoma na Mama Immakulata.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari Bukoba, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992. Miaka kumi na moja iliyofuata alikuwa fundi wa redio na taipureta katika duka la Mzee Kanubhai, mjini Bukoba. Mzee huyo alimzoesha jambo moja: chombo hakifunguliwi kabla ya kuandikwa kilivyoletwa.

Tarehe 12 Juni 1999 alifunga ndoa na Vestina Kyaruzi wa Ijuganyondo, wakajenga Kahororo. Siku ya kujitambulisha ukweni, wazee walimuuliza anafanya kazi gani. Akajibu, “Natengeneza.” Wakasubiri aendelee. Hakuendelea, na mke wakampa.

Mwaka 2004 aliajiriwa kutunza kompyuta za hospitali moja na vituo sita vya afya, Bukoba na Muleba. Kila mahali palikuwa na seva, yaani kompyuta kuu inayohifadhi majalada ya wagonjwa. Mfumo endeshi wa seva huhitaji masasisho kila mwezi ili kuziba matundu ambayo wezi wa taarifa wangepitia. Kwa miaka mingi Clavery aliyafanya kwa mkono, akienda kituo hadi kituo kwa pikipiki. Akimaliza ya saba, ya kwanza ilikuwa imekwisha kuchelewa tena. Ndipo akajifunza Ansible, programu inayoandikiwa maagizo mara moja, nayo ikayatekeleza kwenye seva zote.

Jumanne tarehe 10 Machi 2020, saa tano asubuhi, alitoa agizo lake la kwanza. Alikuwa ameziweka seva zote saba katika kundi moja. Zikasasishwa pamoja, zikajizima pamoja ili ziwake upya, foleni zikiwa zimejaa. Mama Immakulata alikuwa kituoni Muleba, amekwenda kupima presha. Akampigia simu.

“Clavery, wanasema kuna mtu Bukoba ametuzima. Unamfahamu?”

“Ni mimi, Mama.”

“Basi tuwashe tafadhali, waitu. Nimesimama.”

Walisimama dakika arobaini. Wiki hiyo aliandika maagizo upya. Seva ya majaribio ofisini ingetangulia siku ya Alhamisi. Ikikaa salama, zile saba zingefuata Jumamosi ya pili ya mwezi, saa tisa alasiri, kliniki zikiwa zimefungwa, moja baada ya nyingine, hospitali mwisho. Ikigoma moja, kazi yote isimame hapo. Tangu hapo hakumzima mtu. Lakini kosa lile lilimwachia woga. Ufunguo, yaani faili la siri la kuendesha maagizo hayo, aliushika peke yake, na kila alipoombwa na wenzake alijibu, “Bado.”

Februari 2025 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Kuanzia Juni alilazwa Mwanza, akisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Juni, Julai na Agosti seva hazikusasishwa, kwa kuwa ufunguo alikuwa nao kitandani na hakuwa na nguvu za kuutumia. Jambo hilo lilimuuma kuliko sindano. Mwishoni mwa Agosti, Annastella Byarugaba, aliyefanya naye kazi miaka tisa, alimfuata huko.

“Kaka Clavery, ukilala wewe, na seva zote zilale?”

“Nikikupa, utazima watu.”

“Waliozimwa uliwazima wewe, tena peke yako. Mimi nilikuwa likizo.”

Alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia mashine.

Jumamosi tarehe 13 Septemba, akiwa amekabidhiwa ufunguo, Annastella alifungua kompyuta kando ya kitanda. Clavery aliingiza mikono chini ya shuka ili asiguse kitu. Seva ya tano iligoma, kazi ikasimama kama ilivyoandikwa. Annastella akasoma kosa, akaona diski imejaa, akaisafisha, akaendelea hadi ya saba.

“Sasa futa jina langu kwenye orodha ya wenye ufunguo,” Clavery akamwambia.

“Kaka, si libaki tu?”

“Futa. Likibaki humo, mtakuwa mnanisubiri.”

Akalifuta.

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa moja asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake. Kesho yake, msiba ukiwa hapa nyumbani na kibanja, yaani shamba la migomba, hakiguswi, Annastella alikuja kumuuliza mjane. Ofisini walitaka masasisho ya Jumamosi yaahirishwe kwa heshima ya marehemu.

“Jembe tumeliweka chini, ndiyo desturi,” Vestina alisema. “Hizo za wagonjwa msiziweke chini.”

Jumamosi saa tisa alasiri kazi ilianza, ikaisha saa kumi na dakika arobaini. Seva zote saba zilisasishwa. Hakuna kituo kilichozimwa, na hakuna aliyelazimika kumtafuta Clavery.

Marehemu anazikwa leo, Jumatatu tarehe 13 Oktoba 2025, katika kibanja cha baba yake. Ameacha mama, Immakulata, mjane, Vestina, watoto wawili, Alexander na Kokushubira, ndugu wanne, na wafanyakazi wenzake.

Mungu amjalie pumziko lenye amani.