Celestino Lako Wani na Taa za Nyuma za Pijo

Celestino Lako Wani, tunayemrudisha leo nyumbani, alizaliwa Nesitu, kwenye barabara ya Nimule, tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Wani Ladu na Mama Rebecca Keji, ambaye ameketi nasi hapa mbele. Mama anasema alichelewa kutembea lakini aliwahi kusema, na karibu kila alichosema kilikuwa swali. Waliomfahamu hawatashangaa.

Alianza shule Juba mwaka 1981. Vita vilipozidi, Mama aliwavusha watoto wake watatu, Celestino, Night na Albino, wakapita Nimule mpakani hadi Uganda. Celestino alimalizia shule ya msingi Adjumani, darasa likiwa chini ya turubai, akasoma sekondari Gulu, na mwaka 1998 akapata diploma ya ualimu Kampala. Huko ndiko alikokiokota Kiswahili chake, kile cha "mimi iko hapa", ambacho mkewe alijaribu kukinyoosha miaka yote ya ndoa bila mafanikio.

Alirudi Juba mwaka 2006 na kufundisha jiografia katika shule ya sekondari hadi alipougua. Alikuja kutoka Kampala kwa barabara, akiendesha Pijo 504 ya mwaka 1979, ile ya mgongo mrefu, aliyoinunua kwa mwalimu mwenzake. Alihesabiwa na majirani kuwa mtu mwenye akili timamu katika mambo yote isipokuwa gari hilo.

Mkewe, Kawira Mutwiri, alitoka Meru, Kenya, mwaka 2007 kuja kufanya kazi mapokezi katika hoteli moja mjini. Pijo ilizima mbele ya lango la hoteli hiyo. Kawira alitoka kuja kumweleza mwenye gari kwamba anawazibia wageni njia, na kabla hajamaliza kulalamika alikuwa anasukuma, viatu mkononi. Walifunga ndoa kanisani Nyakuron, mtaani kwao hapa Juba, tarehe 12 Desemba 2009. Kwa ajili ya harusi Celestino alifungua taa za nyuma, akalipaka gari rangi ya maziwa kwa mkono wake mwenyewe, kila pembe, kisha akazirudisha taa mahali pake. Lilipendeza kweli. Ila tangu wiki ile, taa za breki hazikuwaka tena.

Yeye alisema ni vumbi la barabara. Alibadilisha balbu, akabadilisha fyuzi, akabadilisha swichi iliyo chini ya pedali ya breki, kisha akaanza upya na balbu. Mafundi hakutaka kuwasikia. Pijo ilikuwa ya nyumbani na ugonjwa wake ungetibiwa nyumbani. Barabarani alipotaka kupunguza mwendo alitoa mkono nje ya dirisha na kuupunga chini, na Nyakuron nzima ilizoea. Mkono wake wa kulia uliungua jua ukawa mweusi kuliko wa kushoto.

Kila Jumamosi baada ya chai alikaa kwenye usukani, akamwita Kawira asimame nyuma, akakanyaga pedali na kuuliza, "Imewaka?" Kawira, aliyeokota maneno ya Kiarabu cha Juba sokoni, alijibu, "Lisa," yaani bado. Hapo Celestino alishuka, akatikisa kichwa, wakaenda zao kwenye shughuli nyingine. Jirani mmoja alimshauri arudishe gari karibu na ukuta mweupe, aangalie mwanga kwenye kioo asimsumbue mama wa watu. Celestino alijibu kwamba ukuta hauongei. Binti yao, Emma, alipozaliwa mwaka 2011, alisimamishwa nyuma ya gari mgongoni mwa mama yake.

Mwanzoni mwa mwaka jana figo zake zilianza kumsumbua. Alitibiwa hapa Juba, akapelekwa Kampala, akarudi akiwa amekonda lakini bado anauliza maswali. Mwezi Septemba mwaka huu, akiwa kitandani, alimwambia mkewe, "Mimi mtanipeleka Nesitu na Pijo." Kawira alimwambia aache maneno hayo anywe uji. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Novemba 2025, asubuhi, Kawira akiwa amemshika ule mkono mweusi.

Tangu hapo Kawira hajalia. Ameomba tuliseme hili wazi, kwa sababu ameona watu wakimtazama. Aliosha vikombe vya waombolezaji, akaviosha tena vikiwa safi. Alipewa mtoto wa mtu ampakate, akampakata, hakuhisi uzito. Anasema mwili umekufa ganzi na yeye anaungoja tu.

Jambo moja tu ndilo alilolishikilia: Celestino asafiri kwa Pijo. Kamati ya mazishi ilikataa, na haikukataa kwa ubaya. Barabara ya Nimule ina malori, na gari la kwanza kwenye msafara likifunga breki bila taa, aliye nyuma atajuaje? Mkono dirishani hautoshi ukiwa umebeba jeneza. Kamati ilitafuta gari jingine, ikampa Kawira hadi Alhamisi jioni.

Alhamisi Albino, mdogo wake marehemu, alikuja na mfuko wa vifaa. Alipita njia zote za kaka yake: balbu nzima, fyuzi nzima, swichi nzima. Aliinua kichwa na kusema, "Shemeji, hii mataa imekataa. Mimi nawaambia watu walete ile gari ingine."

Kawira alikuwa amesimama mahali pake pa kila Jumamosi. Alimjibu polepole, kana kwamba anaongea habari ya nyumba nyingine. "Ukiwasha zile ndogo za usiku, zinawaka. Ukikanyaga breki, zinafifia."

Albino alimuuliza kama zilikuwa hivyo tangu zamani. Kawira alisema ndiyo, tangu harusi. Celestino, na maswali yake yote, aliuliza moja tu kuhusu taa hizo, na yeye alijibu lile aliloulizwa.

Basi Albino aliacha mbele, akaenda nyuma na kufungua taa. Waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ulikuwa umefungwa kwa skrubu juu ya rangi ya maziwa. Rangi ya harusi. Umeme ulipenya kidogo, wa kutosha taa ndogo, na breki zilipoomba zaidi haukuwepo. Celestino aliifunika njia mwenyewe wiki ile aliyokuwa na furaha kuliko zote, na hakuwahi kufikiria kuitafuta hapo. Albino alikwangua rangi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akafunga waya upande huu na ule, akaenda kukaa kwenye usukani.

"Imewaka?" aliuliza. Ana sauti ya kaka yake, sote tunajua.

Mwanga mwekundu ulikuwa umejaa mikononi mwa Kawira na kwenye gauni lake. Alijibu, "Lisa."

Albino alikanyaga tena, akauliza tena, akajibiwa vilevile. Alipogeuka ili ashuke kuangalia, mguu ukiwa bado kwenye pedali, aliziona mwenyewe zikiwaka kwenye kioo cha dirisha la jikoni. Hakushuka. Aliuacha mguu hapo kwa muda ambao Kawira alitaka kusimama.

Celestino ameacha mkewe Kawira, binti yake Emma, mama yake Rebecca, dada yake Night anayewasomea haya, mdogo wake Albino atakayeendesha, na wanafunzi wengi. Mungu amlaze mahali pa amani.

Kawira ameomba jibu lake la Alhamisi lisahihishwe hapa, kwa kuwa siku ile jibu la kweli halikumtoka, na aliyelisubiri ni huyu tunayemzika.

Celestino, imewaka.