Kitabu Kizima kwa Kichwa

Mjukuu alifika darasa la nne bila kujua kusoma, na babu yake ndiye aliyekuwa akimfundisha. Fundi bomba aliyekaa nyuma ya babu huyo ndani ya basi aliposikia hayo, aliacha simu yake, akatega sikio.

"Kitabu chote anakisoma, mwanangu, hakosei hata neno!" babu alimwambia mwanamke aliyekaa kando yake, mwanasaikolojia wa watoto wanaopata shida ya kujifunza.

"Na ukimfungulia katikati?"

"Hapo anagoma. Kiburi cha mama yake hicho."

"Mnasomaje nyumbani, babu?"

"Nasoma mimi, anafuatisha. Kila jioni."

"Basi amekikariri. Akili anazo tele, ila herufi zinamchanganya. Anafundishika kwa njia nyingine. Mlete kituoni kwetu."

Fundi alikuwa amerefusha shingo kama twiga.

"Mvivu huyo," babu alisema, lakini sauti ilikuwa imemshuka.

Basi lilisimama, mwanamke akashuka. Babu alibaki akihesabu kwa vidole: darasa la pili alilorudia mtoto, la tatu alilorudia, rafiki zake wote waliomwacha nyuma. Alipofika kwenye fimbo alizomchapa, vidole havikutosha.