Kisichoonyeshwa Hakijatokea: Maisha ya Fundi Miwani

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wenzake wa kazini mliofunga duka ili mfike hapa, tumeombwa tusome kwa kifupi kwa sababu jua ni kali, lakini dada yetu hakuwa mtu wa kukatizwa katikati ya hoja, wala sisi hatutamkatiza leo, kwa hiyo aliye kivulini amsogelee mwenzake wampishe wa tatu, tuanze.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa mama aliyeshona sare za shule na baba aliyekuwa mlinzi wa lango la kiwanda hicho hicho, akafuatiwa na mdogo mmoja tu wa kiume, ndiye huyu anayesoma mbele yenu, ambaye hakukaa darasani muda mrefu, mengi aliyonayo ameyaokota mwenyewe njiani, kwa hiyo mtamvumilia akiita jambo kwa jina lake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1970 hadi Desemba 1976, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1980, na kila mwaka walimu waliandika kwenye ripoti kwamba ana akili ila anabishana, maneno ambayo baba yetu aliyasoma mezani kwa sauti kana kwamba ni sifa, na kwa kweli zilikuwa sifa.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa katika duka la miwani la barabara ya stesheni, chumba cha nyuma, akaanza kwa kufagia vumbi la vioo, akaishia kuwa fundi mkuu wa kukata na kusaga lenzi, amekaa kwenye kigoda mbele ya gurudumu la jiwe linalozunguka ndani ya maji, mikono ya blauzi imekunjwa, ute mweupe wa kioo umemgandia hadi kwenye nyusi, na mteja aliyemharakisha alijibiwa kwamba jicho ni lako na haraka ni yako, chagua moja uondoke nayo.

Mwaka 1984 televisheni ilianza kuonyesha, kila Jumamosi jioni, ule mchezo wa mfululizo uitwao Mbayuwayu, wa chombo cha anga chenye jina hilo na watu wake waliopotea kati ya nyota wakitafuta njia ya kurudi kwao, na hapa mnaotazamana acheni kutazamana, kwa sababu historia ya dada yetu haisomeki bila chombo hicho, kama ya wengi wenu isivyosomeka bila mpira. Alijiunga na mashabiki waliokutana Jumapili mchana kwenye chumba cha juu cha duka la fundi saa, wakabishana kuhusu madirisha ya ukumbi wa chakula, ambayo kwa ndani ni makubwa kama milango na kwa nje ubavu mzima wa chombo hauna hata tundu, wakabishana kuhusu ngazi inayoshuka kushoto wiki hii na wiki ijayo inashuka kulia, na zaidi ya yote wakabishana kuhusu injini, kwa maana katika Sehemu ya Kwanza ya mchezo zilikuwa tatu na katika Sehemu ya Pili zikawa nne, wala hakuna aliyeeleza ya nne imetoka wapi. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa nao walimbandika jina la Sehemu ya Kwanza, kwa kuwa hakuitambua nyingine yoyote, naye yupo pale nyuma, anatikisa kichwa hata sasa.

Dada yetu ndiye aliyewapa kanuni ya kukata mashauri, kwamba kisichoonyeshwa hakijatokea, yaani mhusika akisema jambo hayo ni maneno yake, anaweza kukosea na anaweza kudanganya, lakini kilichopita mbele ya macho yetu ndicho kilichotokea, na fundi saa akaiandika kanuni hiyo kwa chaki juu ya mlango.

Machi 1985 aliingia dukani fundi wa nyaya za simu, lenzi moja imepasuka baada ya kuteleza kwenye nguzo, akaona ukutani picha ya Mbayuwayu, akasema hao waliotengeneza walisahau tu kwamba injini zilikuwa tatu, dada akamjibu bila kuinua macho kwamba ya nne iliongezwa gatini kati ya sehemu ile na hii, naye akauliza, hiyo gati uliiona wapi, dada? Yule bwana hakuwa amewahi kuisikia ile kanuni, lakini akamnasa dada nayo. Wenzake wa kazini wanasema ndiyo mara ya pekee walimwona amesimamisha gurudumu kabla ya kujibu, kisha akasema basi injini ya nne ilikuwapo tangu mwanzo ila ilijificha nyuma ya ya tatu, yule bwana akacheka hadi akashika kaunta asianguke, akaambiwa miwani yake itakuwa tayari baada ya wiki mbili, kazi ambayo huchukua asubuhi moja, naye hakuwa mjinga, akaelewa.

Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1987, wakahamia ghorofa ya tatu ya jengo lile la matofali mekundu, na tarehe 5 Mei 1989 wakajaliwa binti yao wa pekee, aliyejifunza kuhesabu mezani kwa vijiko vilivyopangwa kama injini, moja, mbili, tatu, na ile ambayo baba hataki.

Mwishoni mwa Sehemu ya Pili, kwa wasiofuatilia, mzee wa injini wa Mbayuwayu aliingia kwenye kijichombo kidogo akawavuta maadui mbali, akatokomea ndani ya wingu, na Sehemu ya Tatu ilipokuja mwaka 1991 nahodha alisema mara moja tu, tulimpoteza, safari ikaendelea. Shemeji yetu akasema mzee amekufa, nahodha mwenyewe kasema, dada akasema nahodha hakuwamo ndani ya wingu, na hoja hiyo walilala nayo na kuamka nayo miaka na miaka, hadi jirani wa chini alipopanda siku moja kuwasuluhisha akidhani ndoa inavunjika, akavutiwa kiti, akaulizwa, wewe mzee wetu, unaonaje, kafa au hajafa?

Tarehe 17 Aprili 1996 shemeji yetu alitoka asubuhi na lori la ofisi ya simu, pamoja na wenzake wawili, kwenda kuinua nyaya zilizoangushwa na mvua, mto ukawazidi kwenye kivuko, lori lilipatikana, wenzake wakapatikana wakazikwa, yeye hakupatikana, wakatafuta hadi mwisho wa Mei. Ofisi ikawatuma watu wawili waungwana wakiwa na karatasi ya kutia saini kwamba amefariki, dada akawapa chai, akawauliza, mlimwona? Wakasema hatukumwona mama, lakini mto ule, akasema basi hamkumwona, kunyweni chai.

Tangu siku hiyo hakukubali kuitwa mjane, wala hakukubali maombolezo, na kila baada ya miaka michache alimkatia mumewe miwani mpya kwa kukisia macho yake yamefika wapi, alipofikisha arobaini na tano akamwongezea ya kusomea, alipofikisha hamsini akaongeza tena, akiipanga kwenye droo ndani ya vitambaa vyake, na mdogo wake alipoiona akapandwa na hasira, akamwambia waziwazi kwamba dada, macho ya maiti hayazeeki, naye akajibu, maiti yupi, nionyeshe. Binti alipoolewa mwaka 2014 alitaka kadi iandikwe binti wa marehemu fulani, mama akakataa, binti akalia akasema nina haki ya kumlilia baba yangu, akaambiwa, lia, mwanangu, sijakukataza kulia, nimekukataza kuandika.

Mwaka 2021 marehemu aligundulika ana maradhi ya figo, akaanza kwenda hospitali kusafishwa damu, akawa anarudi amechoka kama nguo iliyokamuliwa, lakini Jumapili wenzake walimfuata nyumbani, kwa kuwa hakuweza tena ngazi za fundi saa. Ndipo, baada ya miaka yote hiyo, watengenezaji wakatoa Sehemu ya Nne, na habari ikatangulia kwamba katika kipindi cha tano kile kijichombo kinapatikana. Fundi saa alikuja kuuliza afanyeje, mdogo wa marehemu akasema aonyeshwe, mtu mzima hafichwi, binti akasema, mjomba, kanuni hiyo ndiyo fimbo anayotembelea, mkiivunja atashika nini? Wakati wanashauriana hayo, yule mwalimu Sehemu ya Kwanza, ambaye ulimi wake hauna kitasa, alikuwa ameshamwambia.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Machi 2023, sebuleni kwake, amelala kwenye kochi, mto mgongoni, sisi wengine tumekaa popote palipobaki. Kijichombo kilifunguliwa, mzee wa injini alikuwa ndani, amekaa, mkono juu ya mtambo, amekauka. Dada alivua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa, akaomba warudishe nyuma atazame tena, akatazama, kisha akasema, amekufa, nimeshindwa.

Tulingoja aseme la pili, na aliyengoja kuliko wote ni mdogo wake, ambaye kwa haraka yake akauliza, na shemeji je, dada? Akasema, yeye hajaonyeshwa. Halafu uso ukamvunjika, akalia kwa sauti, kilio ambacho hatukukisikia mwaka 1996 wala mwaka wowote uliofuata, binti amemkumbatia, dada akawa anasema, mume wangu alikuwa sahihi tangu mwanzo, sasa nani atamwambia kwamba ameshinda, na yule akishinda anapenda asikie.

Hali ilibadilika mwezi Agosti, akalazwa, na tarehe 30 Septemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini, alifariki dunia, binti yake ameshika mkono mmoja na mdogo wake mwingine. Siku mbili kabla alikuwa ameagiza mambo mawili, la kwanza kwamba historia hii isiandike mjane, na la pili mtalisikia mwisho.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili na mdogo wa kiume. Wapo katika familia waliotaka neno hilo la mume lisisomwe, na anayesoma hawezi kudanganya mbele ya jeneza, yeye anaamini shemeji yake alikufa mtoni, hajabadilika, ila haya si maisha ya anayesoma, ni ya dada, na mwenye maisha ndiye anayejua amemwacha nani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha figo waliobishana naye bila kumchoka, tunawashukuru majirani wa jengo, hasa mzee wa chini, aliyempandishia maji lifti ilipoharibika, tunawashukuru wenzake wa duka la miwani, na kundi la fundi saa, waliokuja kila Jumapili na hawakumruhusu ashinde kwa huruma.

Na wewe shemeji, popote ulipo, kama upo, tumetumwa tukwambie mbele ya watu, yule mzee wa injini amekufa kama ulivyosema, mkeo ameona kwa macho yake, amekubali, umeshinda.

Pumzika kwa amani, dada, tumemwambia.